Madeni ya kadi ughaibuni: barua ya mahakama haijibiwi kwa kimya

Katika mtaa wa Southwark, kusini mwa mto Thames mjini London, umesalia ukuta mmoja mrefu wa matofali. Ni masalio ya gereza la Marshalsea, ambamo kwa miaka mingi walifungwa watu ambao kosa lao lilikuwa kudaiwa na kushindwa kulipa. Mwaka 1824 aliingizwa humo John Dickens, karani wa serikali, kwa deni la pauni 40 na ushei alilodaiwa na mwoka mikate. Mwanawe Charles, mtoto wa miaka 12, alikuwa amekwishapelekwa kiwandani kubandika karatasi kwenye makopo ya rangi ya viatu. Mtoto huyo ndiye aliyekuja kuwa mwandishi mashuhuri Charles Dickens, na uchungu wa siku zile haukumtoka moyoni.

Gereza la Marshalsea lilifungwa mwaka 1842. Mwaka 1869 Bunge la Uingereza likapitisha sheria iliyoondoa kifungo kwa sehemu kubwa ya madeni ya kawaida. Leo hakuna mtu anayetiwa ndani, England wala Wales, kwa sababu tu ameshindwa kulipa kadi ya mkopo. Hata hivyo, msikilizaji, wapo watu waishio huko, na Waswahili miongoni mwao, ambao bahasha ya kahawia ikianguka mlangoni hushtuka kana kwamba lango la gereza lile lingali wazi. Bahasha haifunguliwi. Hutiwa kwenye droo, juu ya nyenziwe. Na hapo ndipo madhara ya kweli yanapoanza, kwa kuwa sheria ya Uingereza humpa mdaiwa nafasi nyingi za kujiokoa, lakini karibu kila nafasi ina siku zake za kuhesabu, na siku hizo hazimngojei aliyefumba macho.

Mama mmoja wa Leicester

Chukua mfano wa mama mmoja mzaliwa wa Tanga, anayeishi katika mji wa Leicester. Mama huyu ametungwa kwa ajili ya makala haya, lakini sheria zinazomkuta ni zile zile zinazomkuta kila mtu wa England na Wales. Ni mhudumu katika nyumba ya wazee. Ana binti mmoja wa shule. Kadi yake ya kwanza aliichukua kwa nia njema: kununua jokofu. Kisha baba yake akaugua Tanga, ikahitajika fedha ya upasuaji, na kadi ikatoa. Ikafuata ada ya mdogo wake, kadi ikatoa tena. Kadi ya kwanza ilipojaa, akapata ya pili, na ya tatu. Mwajiri alipompunguzia saa za kazi, deni lilikuwa limefika pauni 6,000: pauni 3,000 kwenye kadi ya kwanza, 2,000 kwenye ya pili na 1,000 kwenye ya tatu.

Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Kwa kadi, matanga huja polepole, maana mwenye kadi huruhusiwa kulipa kiwango kidogo tu kila mwezi. Tazama hesabu. Deni la pauni 3,000 kwa riba ya asilimia 24 kwa mwaka huzaa riba ya pauni 60 hivi katika mwezi mmoja. Ikiwa kiwango cha chini ni riba hiyo pamoja na asilimia moja ya deni, mama atalipa pauni 90. Machoni pake amelipa 90. Kwenye daftari la benki deni limepungua pauni 30 tu. Na iwapo mwezi uo huo atanunua chakula cha pauni 40 kwa kadi hiyo hiyo, amemaliza mwezi akiwa na deni kubwa kuliko alivyouanza.

Kwa sababu hiyo, mamlaka inayosimamia huduma za fedha nchini Uingereza iliweka kanuni mpya mwaka 2018. Mteja ambaye kwa miezi 18 amelipa riba na ada nyingi kuliko alivyopunguza deni lenyewe, kampuni ya kadi hulazimika kumwandikia na kumhimiza alipe zaidi. Ikifika miezi 36 na hali ni ile ile, kampuni lazima impe njia ya kumaliza deni kwa muda unaofaa, na asipoweza, imhurumie, hata kwa kupunguza au kufuta riba. Barua za namna hiyo nazo ni miongoni mwa zile zinazolala kwenye droo bila kufunguliwa.

Droo ilipofunguliwa

Mama huyu hakumwambia mtu. Mumewe alikwisha kufariki, na ndugu wa Tanga waliamini kwamba anayeishi Uingereza hakosi. Aliyeziona barua ni wifi yake, aliyekuja kumtembelea na kutafuta kiberiti.

"Wifi, hizi barua zote za nini? Hata moja hukuifungua?"

"Ziache, wifi. Nikizifungua sitalala."

"Na sasa unalala?"

Mficha maradhi kifo humuumbua. Usiku ule wakazipanga mezani kwa tarehe, za kila mdai fungu lake. Kazi hiyo ndogo, ya kupanga karatasi, ndiyo ambayo washauri wa madeni huitaka kwanza, kwa kuwa humo hujulikana nani anadai, kiasi gani, na barua ipi ina siku za mwisho.

Jambo la pili ni kutenganisha madeni. Si makubwa yanayotangulia, wala si yale ambayo wenyewe hupiga simu mara nyingi. Yanayotangulia ni yale ambayo yasipolipwa huleta msiba mkubwa zaidi: kodi ya nyumba, kwa kuwa mpangaji anaweza kufukuzwa, gesi na umeme, na kodi ya halmashauri ya mji, ambayo ina njia zake kali za kudaiwa. Deni la kadi halina dhamana nyuma yake, kwa hiyo linakuja baada ya hayo. Kosa analoweza kulifanya mdaiwa mwenye hofu ni kumlipa wakala anayempigia simu kila asubuhi kwa fedha ya kodi ya nyumba.

Jambo la tatu ni hesabu ya kweli ya mapato na matumizi: mshahara, ruzuku ya mtoto, nauli, chakula, nguo za shule, na hata fedha inayotumwa nyumbani. Hapa Waswahili wengi husita. Ile inayotumwa kwa wazazi huitwa wajibu, na ya mchezo wa upatu huitwa ahadi, basi haziandikwi. Lakini zisipoandikwa, mpango hujengwa juu ya uongo na huvunjika mwezi wa pili. Mama wa Leicester alipoandika yote na kuyapunguza yaliyopunguzika, zilimbakia pauni 30 kwa mwezi kwa ajili ya kadi zote tatu.

Pauni 30 hugawanywa kwa uwiano wa madeni: mdai wa 3,000 hupewa 15, wa 2,000 hupewa 10, na wa 1,000 hupewa 5. Wadai wote hupelekewa hesabu ile ile, na kila mmoja huombwa kusimamisha riba. Hakuna sheria inayomlazimisha kila mdai kukubali, lakini mdai anayeona kwamba wenzake hawakupendelewa ana sababu ya kuafiki. Asiyeafiki, hulipwa hivyo hivyo, na ushahidi wa malipo hutunzwa.

Miezi miwili ya kuvuta pumzi

Tangu tarehe 4 Mei mwaka 2021, England na Wales zina mpango unaompa mdaiwa siku 60 za kuvuta pumzi. Mdaiwa hauombi mwenyewe kwa benki. Huuomba kupitia mshauri wa madeni aliyeidhinishwa. Ukikubaliwa, madeni mengi, pamoja na ya kadi, husimama kwa siku hizo: riba na ada haziongezwi, wadai hawaruhusiwi kumwandama mdaiwa, na hatua za kutekeleza hukumu husita. Mpango huu hupatikana mara moja tu katika miezi 12. Kwa mtu anayetibiwa maradhi makali ya akili upo utaratibu wake wa pekee, unaodumu muda wote wa matibabu hayo na siku 30 zaidi.

Siku 60 si msamaha. Ni kivuli cha njiani. Atakayeketi chini yake bila kutafuta njia ya kuendelea, zikiisha atalikuta jua palepale.

Mshauri huyo hana haja ya kulipwa. Mashirika kama Citizens Advice, StepChange na National Debtline hutoa ushauri bila malipo. Ziko pia kampuni za biashara zinazojitangaza kwa maneno matamu, zikiahidi kufuta sehemu kubwa ya deni, kisha hukata ada zao kutoka katika kile kidogo alicho nacho mdaiwa. Mwaka 2023 mamlaka ya usimamizi ilizipiga marufuku kampuni za ushauri wa madeni kupokea kamisheni kwa kuwasukuma wateja kwenye mikataba fulani, kwa sababu wapo waliosukumwa kwenye njia isiyowafaa.

Barua kabla ya kesi

Benki inapochoka, hutuma kwanza notisi rasmi chini ya sheria ya mikopo ya mwaka 1974, ikimpa mdaiwa siku zisizopungua 14 kurekebisha malimbikizo. Baadaye deni linaweza kuuzwa kwa kampuni inayonunua madeni, na mama akaanza kupokea barua zenye jina asilolijua. Si lazima iwe utapeli, wala si lazima iwe kweli. Sheria hiyo hiyo inampa mwenye kadi haki ya kuomba nakala ya mkataba na taarifa ya hesabu kwa ada ya pauni 1. Mdai aliyeombwa akashindwa kuvitoa, hawezi kulidai deni hilo kwa nguvu ya mahakama mpaka avitoe.

Tangu Oktoba 2017, kampuni inayotaka kumshitaki mtu binafsi kwa deni ni lazima kwanza imtumie barua ya madai pamoja na fomu ya kujibu, na kumpa siku 30. Katika fomu hiyo mdaiwa anaweza kukubali deni, kulikana, kuomba nyaraka, au kueleza kwamba anatafuta ushauri. Akiomba nyaraka, mdai hapaswi kufungua kesi mpaka zipite siku 30 tangu alipozitoa. Ni fursa kubwa, na haigharimu ila stempu ya posta.

Hapo pia huangaliwa umri wa deni. Chini ya sheria ya mwaka 1980, deni la kadi likikaa miaka 6 bila kesi, bila malipo yoyote na bila mdaiwa kulikiri kwa maandishi, mdai huweza kuzuiwa asilishitaki. Lakini hesabu hiyo ina mitego. Malipo ya pauni 1 yaliyofanywa kabla miaka 6 haijatimia huianzisha upya, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba kwa kadi ya mkopo hesabu huanza pale notisi ile rasmi inapomalizika muda wake, si siku ya kwanza mtu alipokosa kulipa. Kwa hiyo mwenye deni la zamani asiandike wala kulipa chochote kabla ya kuuliza.

Hati ya mahakama

Baada ya hapo ndipo huja hati ya madai yenyewe, yenye muhuri wa mahakama ya kaunti. Hii si barua ya vitisho. Hii ni kesi. Zile zinazotolewa na kituo kikuu cha kesi za madai huhesabiwa kuwa zimefika siku ya tano baada ya tarehe iliyopigwa juu yake, na tangu hapo mdaiwa ana siku 14 za kujibu. Anayetaka kujitetea anaweza kuthibitisha kwamba ameipokea, na muda wake wa kuleta utetezi ukawa siku 28.

Kuna njia mbili kuu. Anayelipinga deni, au kiasi chake, hupeleka utetezi mahakamani. Anayelikubali deni lakini hawezi kulilipa kwa mara moja, hujaza fomu ya kukiri, huandika mapato na matumizi yake yote, hutaja kiasi anachoweza kwa mwezi, na kuipeleka kwa mdai, si mahakamani. Anabaki na nakala na risiti ya posta. Mdai akikataa kiasi hicho, mahakama ndiyo hupanga kiwango kwa kuitazama fomu ile.

Mama wa Leicester alishitakiwa na mwenye deni la pauni 3,000. Alijaza fomu ya kukiri siku ya tisa, mshauri akiwa pembeni yake, akatoa ahadi ya pauni 15 kwa mwezi. Mdai alikataa. Mahakama ikatazama hesabu yake na kupanga zile zile pauni 15.

Linganisha na ambaye hakujibu. Kwa huyo hukumu hutolewa kwa kusikiliza upande mmoja, na aghalabu huamriwa kulipa deni lote papo hapo, pamoja na gharama. Deni ni lile lile, mshahara ni ule ule. Kilichowatofautisha ni fomu iliyojazwa.

Hukumu huandikwa kwenye daftari la wazi kwa miaka 6, na katika miaka hiyo ni shida kupata mkopo, na pengine hata nyumba ya kupanga. Anayelipa deni lote katika mwezi mmoja tangu hukumu, jina lake huondolewa. Anayelipa baadaye, huandikwa kwamba amelipa. Kwa wahamiaji, wanaohama chumba hadi chumba, kuna hatari nyingine: hati kupelekwa katika anwani ya zamani na hukumu kutolewa bila wao kujua. Aliyekutwa na hali hiyo, naye ana utetezi wa kweli, anaweza kuiomba mahakama iitengue hukumu hiyo, lakini anapaswa kufanya hivyo mara tu anapopata habari.

Nani anabisha hodi

Lazima watofautishwe watu wawili. Mkusanya madeni ni mtumishi wa kampuni. Hana amri ya mahakama, haruhusiwi kuingia ndani wala kuchukua kitu, na kumsumbua mdaiwa kwa vitisho ni kosa la jinai chini ya sheria ya mwaka 1970. Dalali wa mahakama ni mwingine. Huyu huja baada ya hukumu kutolewa na mdaiwa kushindwa kulipa kama ilivyoamriwa, naye hutanguliza notisi ya siku 7.

Hata dalali ana mipaka. Kwa deni la kadi hawezi kuvunja mlango wa nyumba ya mtu katika safari yake ya kwanza, wala kumsukuma aliyesimama mlangoni. Hana ruhusa ya kuchukua vitu vya lazima vya nyumbani kama vitanda, jiko na nguo, wala mali ya mtu mwingine. Na aliyebadilikiwa na hali, mathalan kwa kupoteza kazi, anaweza kuiomba mahakama ipunguze kiwango cha malipo na kumzuia dalali.

Mdai anaweza pia kuomba mshahara wa mdaiwa ukatwe kazini, lakini mahakama huweka kiasi ambacho hakiguswi ili familia ipate kuishi. Kwa mwenye nyumba, anaweza kuomba deni liandikwe juu ya nyumba hiyo. Asichoweza ni kumdai mume kwa kadi ya mke, au mtoto kwa kadi ya mzazi, ikiwa hawakutia saini. Mwenye kadi akifariki, deni hulipwa kutoka katika mali aliyoiacha. Ikiwa haitoshi, warithi hawabebi yaliyobaki.

Kiwanja cha Tanga

Pauni 15 kwa mwezi zitamaliza pauni 3,000 baada ya miezi 200, yaani miaka 16 na ushei. Mshauri alimwambia mama hilo waziwazi, kisha akamweleza njia nyingine: amri ya unafuu wa madeni. Kwa amri hiyo madeni husimama kwa miezi 12, na hali isipobadilika, hufutwa. Tangu Aprili 2024 haitozwi ada, na tangu tarehe 28 Juni 2024 ni ya wenye madeni yasiyozidi pauni 50,000, ambao hubakiwa na pauni zisizozidi 75 kwa mwezi, na mali zao hazizidi pauni 2,000, mbali na gari moja la thamani isiyozidi pauni 4,000 na vyombo vya kawaida vya nyumbani. Mama alitimiza sharti la deni na la mapato. Kisha akaulizwa: una mali yoyote, mahali popote duniani?

Anacho kiwanja Tanga. Alikinunua miaka ya kazi nyingi, na kwa bei ya leo kinafika pauni 3,500. Pale amepanga kujenga chumba na ukumbi vya uzeeni. Wifi akamtazama. Nani wa Leicester angejua habari za kiwanja cha Tanga?

Mshauri hakukawia kujibu. Mali ya nje huhesabiwa sawa na ya ndani. Kuificha ni kosa la jinai, na kumwandikia ndugu kwa haraka kabla ya kuomba kunaweza kuiharibu amri yote. Ndivyo ilivyo pia kwa zamu ya upatu inayokaribia, na kwa kumlipa shoga deni lake lote huku wadai wengine wakiachwa.

Basi amri hiyo haikuwa yake, angalau kwa sasa. Kutangazwa mufilisi kungegharimu ada ya pauni 680 na kiwanja kingeingia mikononi mwa msimamizi wa mufilisi. Mkataba wa hiari na wadai, ambao huhitaji kukubaliwa na wenye asilimia 75 ya thamani ya madeni ya waliopiga kura na kwa kawaida huchukua miaka 5 au 6, haukufaa kwa pauni 30 kwa mwezi. Ilibaki njia mbili. Kuendelea kulipa kidogo kidogo, akiongeza saa za kazi zitakaporudi. Au kukiuza kiwanja na kuwapa wadai watatu fedha hiyo kwa uwiano, iwe malipo ya mwisho, kwa sharti la kupata kwanza ridhaa ya kila mmoja kwa maandishi kabla ya kutoa hata senti.

Mama alichagua kulipa kidogo kidogo kwa mwaka mmoja, kisha kutazama upya. Aliandika pia barua moja ambayo mshauri hakumwagiza. Aliiandikia Tanga, akawaeleza ndugu zake hali ilivyo, na kwamba fedha ya kila mwezi itapungua. Jibu lilikuja kwa simu. Mdogo wake, ambaye sasa ni mwalimu, alimwambia: "Dada, kwa nini hukusema? Dawa ya baba kuanzia leo ni juu yangu."

Walio nje ya England

Sheria hizi ni za England na Wales. Scotland ina mahakama zake na taratibu zake, na huko deni la kadi lisilodaiwa wala kukiriwa hufa kabisa baada ya miaka 5.

Nchini Marekani, sheria ya shirikisho ya mwaka 1977 inawazuia wakusanya madeni kutumia vitisho na uongo. Mdaiwa aliyepokea taarifa ya deni ana siku 30 za kulipinga kwa maandishi, na wakala hana budi kusimama mpaka alithibitishe. Samansi ya mahakama nayo hujibiwa katika siku zilizoandikwa juu yake, ambazo hutofautiana baina ya jimbo na jimbo. Asiyejibu huhukumiwa bila kusikilizwa, na mshahara wake unaweza kukatwa hadi robo ya kile kinachobaki baada ya makato ya sheria, ingawa majimbo kama Texas na North Carolina hayaruhusu mshahara kukatwa kwa deni la kadi. Anayeomba kufilisika mahakamani, hatua nyingi za wadai husimama papo hapo.

Katika nchi za Ghuba mambo ni mengine. Katika baadhi ya nchi hizo mdai anaweza kuiomba mahakama imzuie mdaiwa kusafiri, na mtu akagundua hilo akiwa uwanja wa ndege. Anayedaiwa huko na afike kwa wakili wa huko kabla ya kukata tiketi. Na popote alipo, mhamiaji anayetarajia kuomba ukaazi au uraia amwulize mshauri wa uhamiaji kabla ya kuchagua njia ya kufilisika.

Kwa Mwislamu jambo hili lina uzito wake wa pekee. Riba yenyewe ni haramu, na deni hulipwa kutoka katika mali ya marehemu kabla ya warithi kugawana. Lakini dini hiyo hiyo inamtaka mwenye kudai ampe muda aliye katika dhiki, na aliyesamehewa na sheria hazuiwi kulipa kwa hiari yake siku atakapojaliwa.

Waswahili husema dawa ya deni ni kulipa. Kweli, lakini dawa hupimwa kwa nguvu za mgonjwa, na mgonjwa hapimwi mpaka afike kwa mganga. Droo ya yule mama wa Leicester sasa ina vijiko. Bahasha zikija, hufunguliwa siku ile ile, juu ya meza, na tarehe ya mwisho ya kila barua huandikwa kwenye kalenda iliyotundikwa jikoni.